Fuwele ya Kijani ya Erica Mwalongo

Watu wa Mjimwema walikuwa na majina mengi ya kumwita Erica Mwalongo, na hakuna hata moja alilolipenda. Wengine walimwita Mjerumani, kwa sababu alikaa Ujerumani ya Mashariki miaka saba na kurudi na makoti mawili mazito ambayo, kwa baridi ya Njombe, yalionewa wivu mpaka kanisani. Wengine walimwita Dokta. Hao ndio waliomletea watoto wenye homa na mabibi wenye magoti mabovu, na wakiambiwa kwamba yeye si dokta wa aina hiyo, walirudi kwao wakiulizana sasa ni wa aina gani.

Ukweli ni kwamba hakuwa dokta wa aina yoyote. Alikuwa amebakiza kama mwaka mmoja amalize, nchi iliyokuwa ikimsomesha ikafutika kwenye ramani, chuo kikabadilishwa uongozi, na fedha za wanafunzi wa kigeni zikayeyuka. Akarudi mwaka 1990 bila cheti. Bahati yake ni kwamba miaka ile serikali ilikuwa imelegeza kamba, kila kitu kinaruhusiwa: mitumba, mabasi ya watu binafsi, na shule za sekondari za wazazi zilizokuwa zikichipuka mahali popote palipo na darasa moja na bati. Shule moja ya namna hiyo ikampokea kufundisha kemia. Mkuu wa shule alimlipa kama mtu wa kidato cha sita, na wageni wakija alimtambulisha kwa kusema, "Huyu mwenzetu alisomasoma Ulaya." Lile neno alisomasoma lilimkera Erica kuliko mshahara.

Alichosomea huko ni floridi za urani, yaani urani ikiunganishwa na florini. Mtu akisikia urani anawaza bomu, na Erica alishachoka kuwatoa watu hofu, maana kazi yake ilikuwa ya jikoni kuliko ya vita. Alichukua unga mweusi wa urani, akautia kwenye kopo nene la chuma lenye plastiki ngumu kwa ndani, akaongeza chumvi ya florini, maji, na asidi kidogo. Asidi yenyewe ni ile inayokula kioo, kwa hiyo chupa hazikuwa na kazi pale. Akalifunga kopo kwa skrubu, akaliingiza kwenye tanuri dogo la umeme, akapandisha moto mpaka nyuzi mia mbili na ishirini. Baadaye akaanza kupoza, na kwenye kupoza ndipo palipokuwa na ufundi.

Kopo likipozwa vibaya, unafungua unakuta unga wa kijani, basi. Likipozwa vizuri, unakuta fuwele: punje ngumu zenye pande zilizonyooka, kama chumvi ya mawe, ila hizi ni za kijani. Fuwele moja safi, hata ikiwa ndogo kama punje ya ulezi, ukiipiga eksirei inakuonyesha atomu zilivyojipanga ndani yake, ipi iko wapi na nani jirani yake. Unga haukuonyeshi kwa uhakika huo. Erica alipata unga miaka mitatu mfululizo. Wenzake walikuwa wakimpa pole kama mtu aliyefiwa.

Halafu, mwaka 1987, kopo moja likatoa fuwele. Moja tu, safi, haina ufa. Eksirei ikapigwa, hesabu zikafanywa kwa miezi, na ikaonekana kila atomu ya urani imezungukwa na florini tisa, kwa mpangilio ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuchora kabla yake. Erica aliuchora mara nyingi kwenye daftari lake jeusi la karatasi za miraba, kwa furaha tu, kama msichana anayeandika jina la mchumba.

Basi, mwezi wa tatu mwaka 1994, ikaja barua kwenye sanduku la posta la shule. Ilitoka kwa Dokta Lindner, mama mmoja mkali aliyekuwa msimamizi wake, ambaye sasa alikuwa amehamia chuo kingine. Alisema anataka kuichapisha ile fuwele kwenye jarida la wanakemia, na jina la kwanza litakuwa Mwalongo. Ila fuwele yenyewe ilipotea wakati wa kuhama, na wakaguzi wa jarida wamesema haichapishwi mpaka itengenezwe tena. "Tumerudia mara sita," aliandika, "tukipoza kwa siku tatu, kama ripoti yako inavyosema. Mara sita tumepata unga. Tafadhali angalia daftari lako. Mwisho wa mwaka jarida litafunga faili."

Erica aliisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta pa kukaa. Zile siku tatu zilikuwa uongo, na mwongo alikuwa yeye. Kanuni ya maabara ilikuwa siku tatu, na aliyekiuka kanuni na kuacha tanuri likiwaka bila ruhusa alirudishwa kwao. Mara ile moja yeye alikiuka, tena sana, na alipoona fuwele akaogopa, akajaza ripoti kama kanuni ilivyotaka. Zilikuwa siku ngapi hasa, na kila siku alipunguza moto kiasi gani, hakukumbuka. Zilikuwa siku ambazo kichwa chake hakikuwa kichwa. Alichokumbuka ni kwamba aliandika yote kwenye daftari jeusi, kwa Kiswahili, mahali ambapo mama Lindner hangeweza kusoma. Bila daftari hilo, fuwele ingebaki hadithi ya mtu aliyesomasoma Ulaya.

Alifika nyumbani mbio na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku la bati. Daftari halikuwemo.

"Mama, kuna daftari langu humu, jeusi, gumu. Umeliona?"

Mama yake, Tabea, alikuwa uani akimenya viazi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mwimbaji wa kwaya, mwanamke asiyependa kitu kikae bure.

"Lile zito?" alisema. "Nilimpa Bibie."

"Bibie yupi?"

"Bibie wa Makambako, muuza karanga. Anapita hapa siku za gulio ananunua makaratasi ya kufungia. Lako lilipima vizuri kweli."

"Mama. Daftari langu la chuo."

"Si ulishamaliza kusoma?" Tabea aliuliza, na hakuwa anatania.

Inafaa niseme hapa kwamba mama na binti hawa walipendana, ila kulikuwa na kitu kimekaa kati yao. Baba yake Erica, mzee Ebeneza, alifariki mwaka ule ule wa 1987. Telegramu ilichukua wiki nzima kufika Ujerumani, na ilipofika mzee alishazikwa. Nauli haikuwepo, ruhusa haikuwepo. Tabea hakuwahi kumgombeza binti yake kwa hilo. Alichofanya ni kuwaambia wageni, mara kwa mara, Erica akiwa anasikia, "Huyu hakumlilia baba yake," kwa sauti ile ile ambayo angesema bati la jikoni linavuja. Erica alikuwa anaumia, anainuka, anakwenda kuosha vyombo ambavyo vilishaoshwa.

Jumamosi walipanda gari la asubuhi kwenda Makambako wote wawili. Tabea alisema nyumba ya Bibie anaijua yeye, na aliyeuza ni yeye. Njiani hawakuongea sana.

Makambako kuna upepo ambao haupumziki. Unachukua vumbi la stendi unalitupa kwenye chai za watu, na wenyeji wanafunika vikombe kwa mkono bila hata kukatisha mazungumzo. Bibie walimkuta palepale mabasi yanaposimama, beseni la karanga kichwani, akijibizana na kondakta. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, aliyeletwa Makambako na mume wake Omary wa malori, na alikuwa na kipaji cha kucheka kabla ya kusikia habari yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene," Tabea aliitikia, akimalizia kwa salamu ya kwao. "Nimekuja na shida."

Bibie alisikiliza mpaka mwisho, kisha kicheko kikampotea.

"Lile la miraba? Mama, lile daftari limekwenda Songea, limekwenda Mbeya, limekwenda Dar. Kila basi lililosimama hapa tangu Krismasi limeondoka na kipande chake. Watu wamekula karanga, wakatupa dirishani."

Erica alijikuta anatazama chini, kwenye vumbi, kana kwamba nyuzi mia mbili na ishirini zingekuwa zimelala pale pembeni ya maganda ya ndizi. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na mama yake alikuwa anamwangalia, kwa hiyo hakufanya lolote.

"Ila ya maua sikuyafungia," Bibie akasema. "Yale aliyachukua wifi yangu, Rehana."

"Maua gani?"

"Si yale uliyochora. Yamempatia kazi mwenzio, hata hujui."

Rehana alikaa nyuma ya soko, chumba kimoja na kibaraza, na riziki yake ilikuwa kudarizi vitambaa vya makochi. Walipoingia, Erica alisimama mlangoni. Ukuta mzima wa mbele ya kiti cha Rehana ulikuwa umebandikwa karatasi tisa za miraba, na kwenye kila moja kulikuwa na urani yake na florini zake tisa, kwa wino wa bluu. Kwenye makochi, kwenye meza, juu ya redio, kulikuwa na vitambaa vyeupe vilivyodariziwa mpangilio ule ule, kwa uzi wa kijani na wa njano. Dokta Lindner alikuwa na kompyuta kubwa kama kabati na hakuwahi kuipata picha nzuri hivyo.

"Mwalimu, maua yako yananiweka mjini," Rehana alisema, Bibie alipokwisha kuwatambulisha. "Mwezi huu nina oda ya harusi, vitambaa thelathini, wanalitaka ua hili hili."

Erica alimweleza kwamba hataki maua, anataka kilichoandikwa nyuma yake. Rehana akatazama ukuta, akatazama wageni.

"Nimeyabandika kwa gundi ya unga wa ngano. Yakitoka, yatatoka vipande. Nami nitadarizi nikiangalia nini?"

"Nitakuchorea mengine."

"Chora kwanza."

Huyo Rehana alikuwa mfanyabiashara. Karatasi ya miraba ikanunuliwa dukani, Erica akapewa kigoda na kalamu, na mtu aliyekuwa ameiota fuwele ile usiku na mchana miaka saba akaanza kuichora kwa kichwa. Alichora vizuri, kwa kujiamini, mkono ukienda wenyewe. Rehana alikuwa amesimama nyuma yake na uzi mdomoni.

"Hapa umekosea," akasema.

"Sijakosea, dada. Hii ndiyo kazi yangu."

"Umekosea. Hili la juu linaegemea kushoto. Wewe umeliegemeza kulia. Nimelishona mara arobaini, mwalimu."

Erica alikwenda ukutani kuhakikisha. Florini ya juu ilikuwa inaegemea kushoto. Bibie, ambaye alikuwa ameacha karanga zake kwa jirani ili asipitwe, alicheka mpaka akakaa chini, na Tabea naye, kwa mara ya kwanza siku ile, akaonyesha meno. Erica alifuta, akachora upya. Alijisikia mjinga na mwepesi kwa pamoja, maana hakuwa ameongea na mtu juu ya fuwele ile kwa miaka minne, na sasa alikuwa amesahihishwa na mtu anayeijua.

Mchoro ulipokubaliwa, kazi ya ukuta ikaanza. Erica hakuruhusu mtu avute. Aliomba maji ya uvuguvugu na vitambaa vikuukuu. Tabea akawa anachovya na kukamua, Erica anavikandamiza juu ya karatasi, wanasubiri gundi ilegee, kisha anapitisha kisu cha mezani taratibu kuanzia pembeni, upana wa kucha kwa kila safari. Karatasi ya kwanza ilichukua nusu saa na nyuma yake kulikuwa na orodha ya vitu vya kununua dukani. Ya pili ilikuwa na hesabu za asidi. Ya tatu ilipasuka kidogo kwenye kona, na moyo wa Erica ukapasuka nayo, lakini maandishi yalikuwa katikati.

Ilikuwa hiyo. Juu kabisa: *Jumanne. 220. Telegramu imefika.* Chini yake hakukuwa na maneno, siku tu na namba. Jumatano 203. Alhamisi 186. Ijumaa 169. Kila siku nyuzi kumi na saba, bila kuruka hata Jumapili, mpaka Jumamosi ya wiki ya pili, 33. Na chini yake: *Nimefungua. Ipo.*

Alizihesabu mara tatu. Zilikuwa siku kumi na moja.

"Ndiyo yenyewe?" mama yake akauliza. Miwani alikuwa ameiacha Njombe, na karatasi mkononi mwa binti yake ilikuwa inadondosha maji.

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Ashukuriwe Mungu. Mimi nilishaanza kujiandaa kufa na kesi hii," Tabea alisema, akakamua kitambaa mara ya mwisho.

Barua aliiandika kesho yake, Jumapili, na haikuwa rahisi, maana ilibidi aanze na ule uongo. Aliandika kwamba ripoti yake haikuwa ya kweli, kwamba alikiuka kanuni, na kwamba kama mama Lindner anaona jina lake halifai kuwekwa pale, ataelewa. Kisha akanakili namba zote kumi na mbili. Alitumbukiza barua ile kabla ya kazi siku ya Jumatatu, na kuanzia hapo akawa mtu wa kupita posta kila siku, mpaka karani akawa anamtikisia kichwa kwa mbali ili amwokolee hatua.

Majibu yalikuja mwezi wa nane, wakati ule ambapo baridi ya Njombe inaingia mpaka kwenye mifupa na watu wanakaa jikoni hata mchana. Tabea alikuwa karibu na moto akipukuchua mahindi. Erica aliingia na koti lake la Ujerumani, bahasha imeshafunguliwa, uso wote unacheka.

"Mama, zimetoka. Fuwele tatu. Siku ya kumi na moja walifungua wakazikuta tatu, safi kabisa."

"Na jina?"

"Jina langu ndilo la kwanza. Inachapishwa Januari. Amesema kwa ule uongo atanigombeza nikionana naye, na amesema tukionana ataniandalia na keki."

"Basi huyo ni mtu," Tabea alisema, na akaendelea na mahindi, ila sasa alikuwa anatabasamu. "Sasa mkuu wako wa shule atakuita nani?"

"Sijui. Nitamtundikia hilo jarida ofisini kwake." Erica alivuta kigoda akakaa, akaisoma barua tena kimya. Karibu na mwisho akasita. "Kuna kitu kimoja wanauliza. Jarida linataka sababu. Kwa nini nilichagua siku kumi na moja. Wanasema lazima kuwe na maelezo ya kitaalamu."

"Waambie."

"Hakuna utaalamu, mama."

"Uliamua tu?"

Erica aliikunja barua. Angeweza kusema ndiyo, na habari ingeishia hapo, lakini alikuwa amemaliza uongo wake wote mwaka ule.

"Telegramu ya baba ilifika Jumanne," alisema. "Tanuri lilikuwa linawaka. Nikafunga chumba, nikakaa matanga peke yangu. Sikujua mengine ya kufanya, hakukuwa na mtu wa kulia naye. Nilitakiwa kulipoza lile tanuri kwa siku tatu halafu nizime. Lakini kwetu moto wa msibani hauzimwi watu wakiwa bado wanalia. Na mimi sikuwa na moto mwingine. Kwa hiyo kila jioni nilitoka, nikaenda maabara, nikakaa mbele yake, nikapunguza kidogo, kidogo tu, ili kesho uwepo. Mpaka siku niliyoona naweza. Ndizo hizo siku kumi na moja."

Tabea aliacha kupukuchua. Gunzi lilikuwa mkononi mwake, nusu lina mahindi, na macho yake yalikuwa kwa binti yake.

"Sisi huku," alisema, "tuliuzima siku ya saba."